Kipuri hakina jina la pikipiki, kina namba: uzi wa wenye pikipiki za safari Mtwara na Lindi

Wakuu, habari za jioni.

Mimi nipo Mtwara mjini. Pikipiki yangu ni zile ndefu za mnada, tairi la mbele inchi 21, la nyuma inchi 18. Naitumia kwa safari: Masasi, Newala, Kilwa, na mara mbili tatu kwa mwaka Dar, kilomita 560 hivi. Maduka yetu ya spea yamejaa vitu vya Boxer na TVS, na siwalaumu wenye maduka, ndizo pikipiki zinazolisha watu huku. Ila ukiingia na pikipiki ya aina nyingine ukataja jina lake, jibu ni lile lile: "Hiyo agiza Dar." Nimeishi na jibu hilo miaka mingi, mpaka siku nilipokwama Mchinga.

Nilikuwa natoka Dar. Somanga, Nangurukuru, Mbwemkuru, kote nimepita salama. Nilipokaribia Mchinga nikaanza kusikia nyuma kunacheza, kama tairi limepungua upepo. Nikasimama, nikabonyeza tairi, gumu. Nikalishika juu na chini nikalitikisa kwa ubavu, likalia kok kok. Habu, yaani kitovu cha tairi, ilikuwa ya moto, kidole hakikai. Beringi ya upande wa cheni imekwisha.

Mzee mmoja akanipa kivuli cha mwembe wake na ndoo ya kukalia. Nikachomoa ekseli, nikatoa tairi. Sili ilitoka vipande vipande, na ndani grisi ilikuwa imegeuka uji wa rangi ya kutu. Nikafuta pete ya nje ya beringi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, nikaelekeza tairi kwenye jua, na tarakimu zilizochongwa kwenye chuma zikaonekana: 6302.

Nikapakata tairi nyuma ya bodaboda hadi Lindi mjini. Duka la kwanza nikataja pikipiki: agiza Dar. La pili hivyo hivyo. Nimeshaanza kuwaza pa kulala, nikaona duka la vifaa vya mashine za kusaga na pampu za maji. Humo sikutaja pikipiki kabisa. Nikasema, "Shikamoo mzee. Naomba beringi 6302 mbili, zenye mpira pande zote." Akanyanyuka, akavuta droo, akaniwekea mbili mezani. Kabla ya magharibi tairi lilikuwa limeshafungwa, na usiku ule nililala kwangu.

Kwa hiyo wakuu, namba inasomwa hivi. Tarakimu mbili za mwisho ni tundu la ekseli: 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17, na kuanzia 04 unazidisha kwa 5, yaani 04 ni 20 na 05 ni 25. Tarakimu inayotangulia hizo mbili ndiyo inayoeleza ukubwa wa mwili. 6202 na 6302 zote zina tundu la milimita 15, lakini 6202 kipenyo cha nje ni 35 na unene 11, wakati 6302 ni 42 na unene 13. Ukienda dukani na kipimo cha ekseli peke yake utarudi na beringi inayocheza ndani ya habu au isiyoingia. Mwishoni kuna herufi: 2RS ni mpira pande zote mbili, ZZ ni bati. Kwa vumbi na madimbwi yetu chukua 2RS. Namba hizi ni za dunia nzima, 6302 ya mashine ya kusaga na 6302 ya pikipiki vipimo vyake ni vile vile.

Kabla ya kuipachika, inua mpira wa upande mmoja taratibu kwa ncha ya sindano uangalie grisi. Nyingi za bei ya chini zina grisi ya kupaka tu. Ongeza mpaka theluthi ya nafasi iliyopo, usijaze ikafurika, kisha rudisha mpira kwa kidole. Kuitoa ya zamani, sogeza pembeni kidogo busha ndefu ya katikati, kile kibomba kinachotenganisha beringi mbili, pitisha bolti ndefu kutokea upande wa pili, gonga huku na huku ili isitoke upande. Kuingiza mpya, weka ile ya zamani juu yake na ugonge pete ya nje tu. Ukigonga pete ya ndani, ile nguvu inapita kwenye gololi, na beringi uliyonunua leo umeiua leo.

Na hiyo busha ya katikati, wakuu, ndiyo iliyoniponza. Fundi aliyefungua tairi langu kabla ya safari hakuirudisha. Nilikaza nati ya ekseli, beringi zikabanwa kwa ubavu kilomita zote zile. Nilichonga nyingine Lindi kwa bomba la chuma kwa kufuata umbali kati ya mabega ya ndani ya habu. Toka siku hiyo, tairi langu likifunguliwa nasimama pale pale.

Cheni nayo ina lugha yake. 428 na 520 siyo majina ya kampuni. Tarakimu ya kwanza ni umbali wa pini hadi pini kwa sehemu ya nane ya inchi: 4 ni nusu inchi, milimita 12.7, 5 ni milimita 15.875. Tarakimu mbili zinazofuata zinahusu upana wa ndani. Cheni ya 420 na ya 428 zinalingana pini kwa pini, ila 420 ni nyembamba na haikai kwenye spoketi (gurudumu la meno) ya 428. Soma ubavuni mwa pingili, imeandikwa.

Nimeshaandika namba zangu zote kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kava la ubavuni: beringi za mbele, za nyuma, sili, cheni na idadi ya pingili, meno ya spoketi zote mbili, plagi, tairi. Nawaomba kila mmoja aongeze anachokijua kwa pikipiki yake. Karibuni.

Boda Mikindani

Uzi umekaa vizuri mkuu. Mimi ni dereva wa Boxer lakini nakwenda hadi Kilwa kupeleka wageni, kwa hiyo na mimi ni wa safari. Nina mashaka na hizo beringi za mashine. Nilishanunua moja ya bei rahisi, mwezi haukuisha ikaanza kulia. Halafu cheni mimi napaka oili chafu niliyomwaga kwenye injini, miaka yote, na sijawahi kukwama. Kwenye injini naweka oili ya gari pia, ile ile ya daladala. Mnasemaje?

Mleta uzi

Mkuu, kuhusu beringi uko sahihi kwamba namba inakupa ukubwa tu, ubora ni jambo jingine. Kabla hujalipa, ishike pete ya ndani kwa vidole viwili, zungusha ya nje. Iende kimya na laini, isikwaruze kama ina mchanga. Isicheze kwa ubavu. Na chuma kisiwe na madoa ya kutu chini ya mpira, maana dukani kwetu pwani beringi inakaa na unyevu wa bahari miezi.

Oili chafu kwenye cheni ni afadhali kuliko cheni kavu, hilo sikatai. Tatizo ni vumbi la chuma lililomo ndani yake na mchanga inaoushika. Mimi nasafisha cheni kwa mafuta ya taa na brashi, nafuta, halafu napaka oili safi nzito kwa ndani, upande unaogusa spoketi, usiku kabla ya safari ili ipate muda wa kuingia kwenye pini. Asubuhi nafuta ya juu yote. Kama cheni yako ina mipira midogo katikati ya pingili usiioshe kwa petroli, mipira itakauka.

Oili ya gari ndiyo ninayokuomba uiache. Klachi ya pikipiki inaogelea ndani ya oili ile ile ya injini. Oili nyingi za gari za siku hizi zimewekewa dawa ya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Inaanza kuteleza taratibu: injini inalia, mwendo hauongezeki, hasa ukipanda mlima na abiria. Tafuta kwenye kopo alama ya JASO MA, ya oili inayofaa klachi kama hiyo, 20W50 au unene ambao kitabu cha pikipiki kinasema.

Boda Mikindani

Hiyo ya kulia bila mwendo kuongezeka naipata nikipandisha na mzigo. Nilidhani ni umri wa pikipiki. Nabadilisha oili wiki hii, nitaleta mrejesho.

Wa Masasi

Mleta uzi umegusa plagi kwa kutaja tu, na kwangu plagi ndiyo iliyoniingiza kwenye gharama. Naomba nieleze ili mwingine asipite nilipopita.

Nilikuwa Ndanda natokea Mtama, plagi ikafa. Duka la barabarani wakanipa nyingine, nyuzi zinaingia, nikashukuru Mungu. Nilipopiga kiki ikagoma katikati, kama nimepiga jiwe. Nikakanyaga tena kwa nguvu. Nilipoitoa, ncha ya plagi ilikuwa imelala kabisa imegusa kati, na juu ya pistoni kuna alama ya kipigo.

Kwa plagi za NGK herufi ya kwanza ni unene wa nyuzi: B ni milimita 14, D ni 12, C ni 10. Namba ni joto, na hapa watu wengi wanageuza: namba kubwa ni plagi ya baridi zaidi, namba ndogo ya moto zaidi. Herufi inayofuata namba ni urefu wa nyuzi: H ni milimita 12.7, E ni 19. Pikipiki yangu inataka yenye H, mimi nikapewa ya E. Nyuzi unene mmoja, urefu tofauti, ikaingia hadi ikakutana na pistoni. Kwa hiyo wakuu usiridhike kwamba imeingia. Ziweke mbili ubavu kwa ubavu, ya zamani na mpya, nyuzi zilingane urefu. Herufi R ikiongezeka ni ya kuzuia kelele za umeme, hiyo haina madhara.

Fupi kwenye tundu refu nayo mbaya, masizi yanajaa kwenye nyuzi zilizobaki wazi, na siku ya kurudisha ndefu inagoma kuingia.

Mleta uzi

Pole sana mkuu. Hili ndilo nililotaka, namba isomwe mpaka herufi ya mwisho.

Nesi wa Newala

Habarini kaka zangu. Mimi ni muuguzi, natumia pikipiki kwenda vijijini kwa chanjo na wajawazito. Nikikwama, kuna mama ananisubiri zahanati, kwa hiyo nimeamua kujifunza mwenyewe. Nina maswali mawili. Msimu wa korosho malori yakiwa barabarani ni vumbi jekundu mtindo mmoja, na pikipiki yangu inakosa nguvu, inatoa moshi mweusi. Fundi amesafisha kabureta mara mbili, inakaa siku tatu inarudi vile vile. La pili, cheni inachomoka nikipita kwenye mashimo ingawa fundi ameikaza.

Mleta uzi

Dada, pole na kazi, na asante kwa huduma. Moshi mweusi ni petroli nyingi hewa kidogo. Kabla ya kabureta angalia sponji ya hewa, kwa dalili hizo mimi naishuku hiyo. Ifungue, kama ni ya sponji laini iloweke kwenye mafuta ya taa, ikamue kwa kuibana kama unavyokamua nazi, usiisokote itachanika. Ioshe kwa maji na sabuni, suuza, ianike kivulini mpaka ikauke kabisa. Halafu weka oili safi ya injini vijiko viwili vitatu, ifinyange mpaka rangi iwe moja kila mahali, kisha ibane ndani ya kitambaa kikavu kinywe inayozidi. Kavu bila oili inapitisha vumbi, na vumbi la uwanda wa Makonde likipita linasaga ringi. Ikilowana sana nayo inaziba, moshi unarudi. Kama yako ni ya karatasi, hiyo haioshwi, gonga vumbi litoke na ukifika mjini ubadilishe. Nakushauri ununue sponji ya pili, moja ikauke nyingine ikiwa kazini. Msimu ule wa Oktoba hadi Desemba mimi naosha kila wiki.

Ukishaosha, endesha siku moja utoe plagi. Nyeusi ya masizi bado hewa ni kidogo, nyeupe kama chokaa petroli ni kidogo, ya rangi ya udongo mkavu iko sawa.

Cheni, kwanza usikimbilie kukaza. Cheni inayokazwa ikiwa haina uzito juu inabana ukipakia, na inaua beringi ya spoketi ndogo. Simamisha pikipiki kama kitabu chake kinavyotaka, kwa nyingi ni stendi ya katikati au ya pembeni, shika cheni ya chini katikati ya spoketi mbili, ipande na kushuka milimita 25 hadi 35 hivi. Zungusha tairi upime sehemu tatu nne. Kama pengine inalegea na pengine inabana, cheni imekwisha, kukaza hakusaidii. Kuijua kwa hakika vuta upande wa chini iwe imenyooka, pima kwa futi kutoka pini ya kwanza hadi ya 21, hizo ni pingili 20. Cheni ya 428 mpya inatoa milimita 254. Ikivuka 259 itupe.

Mzee wa Chumvi, Lindi

Vijana, nawasalimu. Mimi nina pikipiki mbili za zamani na nimezeeka karibu na mashamba ya chumvi, kwa hiyo niwape ya chumvi. Wengi mnakwenda Msimbati mnaendesha juu ya mchanga wa ufukweni, inapendeza, lakini mnarudi mnalala. Chumvi hailali. Usiku huo huo mwagia maji baridi mengi, ya ndoo, siyo ya presha. Maji ya presha yanasukuma chumvi ndani ya beringi na viunganishi vya waya. Anza chini: spoku, nati za spoku, cheni, chini ya madigadi. Kisha endesha kidogo breki zikauke, paka cheni oili.

Viunganishi vya waya, vichomoe kila miezi michache. Ukiona unga wa kijani, kwangua, paka grisi kidogo, rudisha. Na ile waya ya ethi inayofungwa kwenye fremu, fungua bolti yake, piga msasa mpaka chuma king'ae. Nusu ya matatizo ya taa na stata niliyoletewa na vijana wa hapa yaliishia kwenye bolti hiyo.

La mwisho ni breki shu. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ya Dar ikakatika kule Somanga, mabasi hayakupita na mzigo wangu ukabaki Dar. Nilifungua drama, na ndani yake kumechongwa kikomo cha kulika, 131. Maana yake drama ni ya milimita 130. Nikapima upana wa shu, nikaangalia mwisho unaokaa kwenye pini na ule unaokaa kwenye kemu inayozitanua, nikachukua shu zangu mkononi nikapita madukani kulinganisha. Nikapata za bodaboda zilizofanana kila kitu, nazo nilitembelea mpaka barabara ikafunguka. Lakini nililinganisha vyote, siyo kipenyo peke yake.

Boda Mikindani

Shikamoo mzee. Tairi la mbele inchi 21 mnapataje tyubu huku? Sisi za 17 na 18 zipo kila kona.

Mleta uzi

Hazipatikani kirahisi, mkuu. Mimi nikiwa safarini nabeba tyubu ya akiba moja tu, ya 21. Ikipasuka ya mbele inakaa mahali pake. Ikipasuka ya nyuma, ile ya 21 naikunja kwenye tairi la 18, inakubali kwa dharura, natembea taratibu hadi mjini naitoa. Kinyume chake ni shida, ya 18 ikivutwa kwenye 21 inakuwa nyembamba na haikai.

Wa Masasi

Niongeze kuhusu kuagiza. Ukituma Kariakoo usitume picha ya pikipiki. Tuma picha ya kipuri kikiwa kimelala kando ya futi, na picha nyingine ya namba karibu kabisa. Na muombe muuzaji akutumie picha ya alichoshika kabla hajakipeleka kwenye basi. Mimi tangu nianze hivyo sijarudisha mzigo.

Nesi wa Newala

Kaka mleta uzi, nimerudi. Sponji ilikuwa imegeuka matofali, maji ya kwanza yalitoka mekundu, ya pili mekundu, ya tatu ndiyo yakaanza kuwa safi. Leo ni siku ya tano, moshi hakuna, na ile mlima ya kurudi nyumbani nimepanda gia ya tatu badala ya ya pili.

Cheni nimepima na futi ya ushonaji kwanza, nikaona inavutika, nikaazima ya chuma kwa fundi seremala. Pingili 20 ni milimita 263. Ubavuni imeandikwa 428. Nimehesabu zote pamoja na loki, ile pingili ya kufungia, ni 117. Niagize 117?

Mleta uzi

Hesabu tena dada, weka alama ya chaki pingili ya kwanza. Cheni inayofungwa kwa loki ya kawaida idadi yake ni shufwa, haiwezi kuwa witiri. Itakuwa 116 au 118. Na hesabu meno ya spoketi zote mbili, yakiwa yamechongoka kama meno ya papa badilisha vyote vitatu kwa pamoja.

Nesi wa Newala

118. Spoketi ya nyuma meno 42, yamechongoka. Ya mbele 14. Natuma picha Kariakoo kesho asubuhi, futi ikiwa kando.